Mwanasheria Kando ya Mwenye Amri

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mwanasheria wa jeshi kabla ya kuwa Mkuu wa Wilaya, wengi hudhani kwamba miaka yangu ya magwanda niliimaliza nikiwashtaki askari watoro na wezi wa mafuta ya magari. Kazi hiyo ilikuwapo na sikuidharau, lakini kiini cha kazi ya mwanasheria wa jeshi ni kukaa karibu na mtu mwenye amri na kumwonyesha, kabla hajaitamka, amri yake inakomea wapi. Nilifanya hivyo kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu. Kisha nikapewa amri mimi mwenyewe, na siku nilipoingia ofisini nikakuta kwamba kile kiti cha pembeni, nilichokuwa nakikalia mimi, hakina mtu. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaosomea sheria na kufikiria jeshi, na kwa ajili ya viongozi ambao hawajawahi kukaa upande ule wa meza.

Njia yangu ya mwanzo ilikuwa ya kawaida kwa watu wa rika langu: Jeshi la Kujenga Taifa baada ya kidato cha sita, shahada ya sheria Mlimani, kisha chuo cha maofisa wa jeshi Monduli, ambako tulifundishwa kwamba ofisa ni ofisa kwanza na mtaalamu baadaye. Nilikimbia, nilibeba mzigo, nikajifunza kupokea amri bila kuuliza. Nikapata kamisheni na kupelekwa ofisi ya sheria.

Ofisa mwandamizi aliyenipokea hakunianzishia na vifungu, alinianzishia na Januari 1964. Usiku wa kuamkia tarehe 20 mwezi huo, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati ule, katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza wakidai nyongeza ya mishahara na maofisa Waafrika. Uasi ukaenea hadi Tabora na Nachingwea, na siku chache baadaye Serikali changa ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya mkoloni aliyekuwa ameondoka hivi karibuni tu. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Sehemu hiyo kila mwanajeshi anaijua. Ofisa yule alitaka nisome kuhusu kesi iliyofuata. Viongozi wa uasi walifikishwa mahakamani, wakasikilizwa, wakajitetea, na Sajini Hingo Ilogi, aliyehesabiwa kuwa kiongozi wao, akapewa kifungo cha miaka 15. Serikali iliona adhabu zile ni nyepesi mno kwa kosa la namna hiyo, lakini Mwalimu Nyerere hakuzigusa, kwa sababu Serikali isingeweza kuwaadhibu watu kwa kuvunja sheria kisha nayo ikaikiuka ili kuwaongezea adhabu. Mkuu wangu alinieleza kwamba jeshi letu limejengwa juu ya uamuzi ule kama lilivyojengwa juu ya gwaride lolote, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, ambayo ningeishi nayo kila siku, niisome nikiwa na jambo hilo akilini.

Nilifanya hivyo. Ndani ya sheria hiyo zimo kanuni za nidhamu zinazomfuata mwanajeshi popote alipo, makosa ambayo raia hawezi kuyatenda hata akitaka, na mahakama za kijeshi ambamo maofisa huketi kama mahakimu huku mwanasheria akiwaelekeza katika mambo ya sheria. Makosa madogo hayafiki huko, yanaishia mbele ya kamanda wa kikosi, ambaye ndiye anayemjua askari, ndiye anayemhitaji kesho, na ndiye anayemhukumu. Kwa mtu aliyetoka chuoni na nadharia zake za mgawanyo wa madaraka, utaratibu huu unaweza kutisha. Nilipouzoea niliona kwamba unafanya kazi pale kamanda anapokubali kuulizwa swali, na unaharibika pale anapozungukwa na watu wa kuitikia tu.

Nakumbuka shauri la koplo mmoja aliyeshtakiwa kwa utoro, ambaye mimi nilipangiwa kumtetea. Aliondoka kikosini bila ruhusa akaenda kijijini kwao kuuguza mzazi, akarudi mwenyewe baada ya mazishi. Hakukana. Kikosini kila mtu aliniambia kwamba hakuna cha kutetea, na kwa upande wa hatia walikuwa sahihi. Lakini koplo alisisitiza kwamba alikuwa ameandika ombi la ruhusa likakwama, wakati jalada lililoletwa mahakamani halikuwa na ombi lolote. Niliomba rejista ya barua zilizoingia iletwe mbele ya wajumbe. Ombi lilikuwa limeandikwa humo kwa tarehe yake, na halikuwahi kupandishwa kwa kamanda. Hatia ilibaki, maana ombi lisilojibiwa si ruhusa, na jeshi ambalo kila askari anajipa ruhusa mwenyewe haliwezi kulinda mpaka. Adhabu ilipungua sana. Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa kauli ya kamanda wake, aliyeniambia baadaye, bila hasira yoyote, kwamba angependa mtu angemletea rejista ile kabla hajaamua kumshtaki.

Kuhusu Kongo ningeweza kuandika kurasa nyingi. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2098, likaunda ndani ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, brigedi ya mashambulizi yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya kamanda Mtanzania, kwa ajili ya kupambana na makundi yenye silaha mashariki mwa nchi ile. Kabla ya hapo, mlinda amani alikuwa mtu wa kujihami na kuwahami raia. Sasa alitakiwa kumfuata adui. Mimi nilikuwa miongoni mwa maofisa wa sheria waliopita Goma katika kipindi kile, na swali la kwanza nililoulizwa na askari wetu halikutoka kwa maofisa, lilitoka kwa vijana wa vyeo vya chini: afande, hii kofia ya bluu bado inatulinda? Niliwajibu ukweli wa sheria, kwamba mlinda amani hulindwa kama raia maadamu hashiriki mapigano, na kwamba siku tunaposhambulia tunakuwa sehemu ya mapigano, na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, yenye sheria za vita, inatubana kama inavyombana yule tunayempiga. Walinyamaza. Wengine katika brigedi ile hawakurudi nyumbani wakiwa hai, na ninapolieleza jambo hili kama somo la sheria sisahau kwamba wao walililipia.

Vilima vya kaskazini mwa Goma, kuelekea Kibati na Kibumba, vina wakulima kila upande, na wakati ule njia zilijaa wakimbizi wa ndani waliolala chini ya maturubai. Waasi wa kundi la M23 walikuwa na silaha juu ya vilima hivyo. Mizinga na makombora yanayoelekezwa huko hayaulizi nani mkulima na nani mpiganaji, kwa hiyo lazima mtu aulize kabla. Ofisa wa kupanga mashambulizi alikuja na ramani, nami nilikuja na maswali yaleyale kila mara: nani yuko pale sasa hivi, nani amethibitisha na lini, na je, faida ya kijeshi tunayoitafuta inalingana na madhara yatakayowapata raia? Yapo mashambulizi yaliyoendelea kama yalivyopangwa, yapo yaliyosogezwa hadi saa nyingine, na yapo yaliyobadilishwa silaha. Katikati ya milio ya risasi si rahisi kuvumiliwa ukiwa mtu anayeuliza, hasa pale vijana wako wanapopigwa na wewe unaomba dakika kumi za kuthibitisha.

Nililindwa na kamanda niliyemtumikia. Mapema, kabla ya mapigano makubwa, aliwaelekeza maofisa wake wote kwamba hakuna amri ya operesheni itakayoletwa mezani kwake bila saini ya ofisa wa sheria pembeni. Hakufanya hivyo kwa ajili ya kunipendelea. Alijua kwamba saa ya joto atakuwa mtu mwingine, akajiwekea kizuizi angali na utulivu. Baadaye nilijua kwamba alichokifanya kina mizizi katika sheria: Ibara ya 82 ya Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inazitaka nchi zihakikishe kwamba makamanda wanapata washauri wa sheria inapohitajika. Waliotunga ibara ile walikuwa wamekwisha kuona vita viwili vya dunia, na hawakutaka kuacha jambo hili litegemee tabia njema ya kamanda.

Mateka na waliojisalimisha walikuwa sehemu nyingine ya kazi. Miongoni mwao walikuwamo watoto, wengine wakisema wana miaka kumi na minane huku nyuso zao zikisema vingine. Maofisa wa upelelezi walitaka kuwahoji haraka, na haja yao ilikuwa ya kweli, kwa sababu habari za leo hazina thamani kesho. Msimamo wetu ulikuwa kwamba mtoto anapelekwa kwanza kwa watu wa kulinda watoto. Nilikaa na vijana wale zaidi ya mara moja, tukizungumza Kiswahili chao cha Kivu na changu cha Pwani, na mmoja akaniuliza, "Muko natupeleka wapi?" Nilimweleza hatua kwa hatua, nani atampokea na kitu gani hakiruhusiwi kufanyiwa. Kabla ya siku ile nilikuwa nikiichukulia haki ya kuelezwa unakopelekwa kama jambo la utaratibu tu. Tangu hapo sijaiona hivyo tena. Mwanzoni mwa Novemba 2013 M23 walitangaza kuacha mapigano, na baada ya muda nami nikarudi nyumbani.

Nilistaafu nikiwa na cheo cha kanali. Baada ya muda mkeka wa uteuzi, yaani orodha ya walioteuliwa, ulitoka na jina langu likiwamo. Wastaafu wenzangu walinipongeza kana kwamba nimepandishwa cheo, na wananchi wa wilaya niliyopelekwa wakaanza kuniita Afande DC kabla hata sijakabidhiwa ofisi. Niliapa mbele ya Mkuu wa Mkoa, nikawasilisha tamko la mali na madeni kama Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inavyotaka, na siku iliyofuata nikaitisha orodha ya watumishi wa ofisi yangu. Alikuwapo Katibu Tawala, walikuwapo maofisa tarafa, mtunza masjala, dereva. Mwanasheria hakuwapo. Aliyekuwapo alikuwa wa halmashauri, na bosi wake alikuwa Mkurugenzi.

Wakati huohuo, Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ilikuwa imeniwekea mkononi jambo ambalo hakuna kamanda wa kikosi anaweza kumfanyia raia: niliweza kuamuru mtu akamatwe na awekwe ndani hadi saa 48. Masharti yake ni makali kuliko wengi wanavyofikiri. Lazima pawe na kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa na kushtakiwa kwalo, au hatari ya kweli ya kuvunjika kwa amani ambayo haiwezi kuzuiwa kwa njia nyingine. Sababu lazima ziandikwe na zimfikie hakimu. Mtu lazima afikishwe mahakamani ndani ya muda huo, la sivyo aachiliwe, na kiongozi anayetumia vibaya mamlaka hayo anaweza kushtakiwa yeye. Lakini masharti haya yanasomwa na nani saa ambayo mkutano wa hadhara unapiga makofi? Katika jeshi amri hupita mikono kadhaa kabla ya kutekelezwa. Katika wilaya inatoka mdomoni mwa mtu mmoja kwenye kipaza sauti, na polisi wamesimama hatua tano tu kutoka hapo.

Ndiyo maana katika majuma ya kwanza niliandika dokezo kwenda kwa Katibu Tawala wangu, nikaliweka kwenye jalada lenye folio zake, nikieleza kwamba hakuna amri ya kumweka mtu ndani itakayotekelezwa kutoka ofisini kwangu kabla hajaandika majibu ya maswali yangu: kosa ni lipi na liko kwenye sheria gani, kwa nini polisi wasifuate utaratibu wao wa kawaida, na hakimu atajulishwa saa ngapi. Nilimpa ruhusa ya maandishi ya kunikatalia. Mkuu wa Polisi wa Wilaya alipata nakala. Katibu Tawala, mama mwenye uzoefu mrefu wa utumishi na aliyekuwa amefanya kazi na wakuu wa wilaya kadhaa, alinitazama kwa muda kisha akauliza kama nitakumbuka dokezo hili siku nitakapokuwa nimekasirika. Nilimwambia kwamba limeandikwa kwa ajili ya siku hiyo hasa.

Siku hiyo ilifika katika kata moja ambako madarasa yalikuwa yamesimama kwenye lenta kwa muda mrefu na watoto wanasomea chini ya mwembe. Mkandarasi alikuwapo mkutanoni. Wananchi walikuwa na hasira ya haki, diwani akasimama na kusema mbele ya wote kwamba Afande DC ni mwanajeshi na hawezi kuondoka bila kumweka ndani mtu huyu. Makofi yalikuwa makubwa. Katibu Tawala aliniletea kikaratasi: kuchelewesha kazi ya mkataba si kosa la jinai. Nilisimama nikawaeleza wananchi jambo hilohilo kwa lugha nyepesi, kwamba aliyevunja mkataba anabanwa na mkataba, kwamba humo kuna fidia ya kila siku ya ucheleweshaji na kuna njia ya kumwondoa kazini na kumweka mwingine, na kwamba akibainika kuwa amekula fedha hiyo itakuwa jinai na itakwenda kwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, siku hiyohiyo. Wengi waliondoka hawajaridhika. Kilichofuata kilichukua majuma, barua baada ya barua kati ya halmashauri na mkandarasi, na madarasa yakapauliwa. Kama ningemlaza mahabusu siku mbili, watu wangefurahi jioni ile, na yeye angekuwa na kesi nzuri dhidi ya Serikali huku matofali yakiendelea kunyeshewa.

Jambo zito zaidi lilikuwa la wakulima na wafugaji. Mifugo iliingia kwenye mashamba ya mpunga usiku, asubuhi kukawa na mapigano, na watu wakajeruhiwa kwa mapanga na fimbo pande zote mbili. Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya ilikutana mchana huohuo chini ya uenyekiti wangu. Pendekezo lililokuwa na nguvu mezani lilikuwa kuwakamata vijana wote wa kitongoji cha wafugaji, kisha kuchambua nani ni nani baadaye. Waliolitoa hawakuwa wabaya, walikuwa na hofu kwamba usiku ungeleta vifo. Nilifikiri Kongo. Adhabu ya kundi zima kwa tendo la wachache imekatazwa na Ibara ya 33 ya Mkataba wa Nne wa Geneva, hata kwa jeshi linalokalia nchi ya adui. Mkataba ule hauhusu ugomvi wa kijiji cha Tanzania wakati wa amani, lakini Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu inahusu, nayo inasema mtu anayeshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Ilinishangaza kufikiri kwamba raia wetu angeweza kupata kwangu kinga ndogo kuliko ile anayoipata mgeni chini ya jeshi la adui.

Tulikubaliana kwanza kuwatenganisha: askari wa doria kati ya mashamba na maboma, mifugo isogezwe kwa ahadi iliyoshuhudiwa na wazee. Kisha nikaenda kusikiliza kila upande peke yake, wafugaji bomani na wakulima penye ghala la mpunga, nikiwa na mwanasheria wa halmashauri niliyemwomba kwa Mkurugenzi, aandike. Majeruhi waliwataja waliowapiga kwa majina, wa pande zote mbili, na waliotajwa wakakamatwa na polisi kwa taratibu za polisi. Mgogoro wenyewe wa ardhi haukuisha kwa hatua hizo, wala nisingedai kwamba uliisha. Kijiji hakikuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi, Baraza la Ardhi la Kijiji lilikuwa na wajumbe pungufu na wanawake pungufu, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka wajumbe saba, watatu kati yao wawe wanawake, na mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa haujaitishwa ipasavyo. Kazi ya kuyajenga hayo ilichukua muda wangu mwingi kuliko doria zote, na ndiyo iliyopunguza usiku wa mapanga. Sehemu hii ya kazi haipigwi picha, nami ninaamini kwamba ndiyo kazi yenyewe.

Yapo mambo ya jeshini ambayo nililazimika kuyaacha kambini. Raia hapaswi kusimama wima nikipita. Mtumishi anayenipinga kikaoni hajavunja nidhamu. Diwani amechaguliwa na watu, mimi nimeteuliwa, na katika mambo ya halmashauri neno lake lina uzito ambao cheo changu cha zamani hakiwezi kuupunguza. Katiba, katika Ibara ya 147, inamzuia mwanajeshi aliye kazini kujiunga na chama cha siasa, na ingawa mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, niliiona roho ya ibara ile kuwa mwongozo mzuri kwa mtu aliyetoka kambini: nilihakikisha kwamba mwananchi wa chama chochote anayekuja na malalamiko ya shamba lake anaulizwa kuhusu shamba lake tu.

Uteuzi wangu ulipokoma nilimkabidhi mwenzangu ofisi, na katika hati za makabidhiano nikaweka lile jalada la madokezo, likiwa limenenepa, pamoja na yale ambayo Katibu Tawala alikuwa ameandika "sikubaliani" na nikarudi nyuma. Mwenzangu huyo aliuliza kama utaratibu huu ni wa lazima. Nilimjibu kwamba hakuna kifungu kinachomlazimisha, ni uamuzi wa mwenye ofisi. Jibu hilo bado linanisumbua. Kamanda vitani amewekewa mshauri wa sheria na mkataba wa kimataifa. Mkuu wa Wilaya, mwenye uwezo wa kumlaza raia mahabusu katikati ya amani, ameachiwa ahiari mwenyewe. Ninapendekeza kwa Wizara na kwa Bunge kwamba Sheria ya Tawala za Mikoa irekebishwe: kila wilaya ipangiwe wakili wa Serikali, na amri yoyote ya saa 48 isitekelezwe bila maoni yake ya maandishi, ambayo nakala yake itaambatana na sababu zinazopelekwa kwa hakimu. Mawakili vijana wako, wengi wao wakisubiri ajira baada ya kumaliza Shule ya Sheria, na maoni ya ukurasa mmoja yanaweza kuandikwa ndani ya saa moja.